Mabingobingo ya Kwenye Kichuguu

Kijiji cha Ilalwe kiliacha kumsalimia Mbuke siku ya Jumatano. Jumamosi, saa mbili asubuhi, Sajini Sabiti Akida wa upelelezi, Kahama, alishuka kwenye baiskeli mbele ya banda la tanuri, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, akamkuta bibi kizee ameketi chini, mgongo ameuegemeza nguzoni.

"Shikamoo, mama," alisema.

Yule bibi hakuitikia. Aligeuka akatazama nyuma yake, akidhani salamu ile ni ya mtu mwingine. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu.

"Ni mimi unayeniamkia?"

"Ni wewe, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, marahaba." Machozi yakamtoka. "Kumbe bado ni mtu."

Mlinzi wa sungusungu aliyesimama mlangoni, upinde begani na podo la mishale kiunoni, alitema mate pembeni. "Afande, huyo haruhusiwi kusalimiwa."

"Marufuku hiyo ni ya wanakijiji. Mimi si wa hapa."

"Basi ongea upesi. Jua likifika utosini, anatoka."

Anatoka! Neno jepesi mdomoni, lakini Sabiti aliujua uzito wake. Mwezi wa tisa mama mmoja wa kijiji cha jirani alitolewa hivyo hivyo, na kitita chake kichwani. Kila kijiji alichokwenda alikuta filimbi za sungusungu zimemtangulia, hakuna aliyempa hata maji. Siku ya nne Sabiti ndiye aliyemwokota katika pori la njia ya Ushetu, na majeraha ya panga yalikuwa bado yanaonekana, fisi hawakuwahi kuyafuta. Jalada lilifungwa kwa maneno matatu tu: wauaji hawakujulikana. Safari hii aliomba Landrova, akaambiwa haina petroli. Aliomba askari, akaambiwa wote wako kwenye msako wa wahujumu uchumi, maana huo ulikuwa mwaka wa themanini na tatu na nchi nzima ilikuwa inapekuliwa. Akaazima baiskeli Masumbwe. Alikuwa na pingu moja, daftari moja, na muda wa saa nne tu. Ukikosa la mama hata la mbwa huamwa, ndugu zangu.

Alichuchumaa mbele ya Mbuke. "Nieleze, mama. Ng'ombe kumi na mmoja wa Masele, kamanda wa sungusungu, wamekufa. Wanasema umewaroga."

"Wanasema."

"Jumatatu uliwaambia nini wachungaji?"

"Niliwaambia majani haya yatawatoa roho." Alisema bila kuficha. "Nilikuwa na hasira. Mistari ile ya mabingobingo ya mradi nimeipanda mimi. Nimekata pingili kwa mikono hii, nimezifukia moja moja, miaka mitatu iliyopita. Kila mwaka tunakata, yanachipua tena yenyewe. Sasa yanachipua, wao wanaleta ng'ombe. Ningewachekea?"

"Na macho yako? Wanasema ni ya mchawi."

Mbuke akacheka cheko kavu. Macho yalikuwa mekundu kama nyanya. "Unaliona hili tanuri? Kazi yangu ni kuchochea. Mabwana wa mradi wanataka kujua mabingobingo yakikauka yanatoa moto kiasi gani, ili boila la kinu cha pamba liache kungoja dizeli isiyokuja. Yakikauka sawasawa, moto wake ni mzuri. Yakiwa mabichi, ni moshi mtupu. Na wao huniletea mabichi."

"Nyumbani kwako wamekuta kopo la dawa ya pamba."

"Ni koroboi yangu."

Mlinzi alikuwa nalo hilo kopo, limefungwa kitambaa chekundu kama kitu cha kuzimu. Sabiti alilifungua. Kifunikoni palikuwa na tundu, tunduni utambi, na ndani masizi na harufu ya mafuta ya taa. Alimsogezea mlinzi puani.

"Hii ni sumu au taa?"

Mlinzi alinusa, akaangalia kando. "Mimi nimeambiwa nilinde tu."

Sabiti aliandika: *kopo ni taa*. Ushahidi mmoja ulikuwa umekufa, lakini watu wa Ilalwe walikuwa wameuamini kwa siku tatu nzima.

* * *

Cornel, bwana shamba wa mradi, alikuwa pia bwana mifugo wa kijiji, kwa kuwa wa mifugo alihamishwa na hajaletwa mwingine. Alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Sabiti alimkuta amejifungia ofisini, na alipogonga, Cornel aliuliza mara tatu ni nani.

"Wewe ndiye uliyempasua ng'ombe?"

"Mmoja, afande, waliyenikokotea hadi kijijini. Wale wengine waliwachoma moto. Walisema nyama ya uchawi hailiwi."

"Uliona nini?"

Cornel alitoa daftari kwenye mtoto wa meza. Mwandiko ulikuwa mdogo na safi. *Jumatano saa saba mchana. Mnyama ametetemeka, ameanguka, amekufa ndani ya saa moja. Ulimi na fizi rangi ya udongo. Damu rangi ya kahawa.*

"Kahawa?"

"Kama kahawa iliyokolea. Si nyekundu kabisa."

"Hiyo ina maana gani?"

"Kila mchungaji hapa anajua mtama mchanga uliokatwa ukachipua huua ng'ombe. Lakini mtama ukiua, damu hubaki nyekundu sana. Chuoni tulifundishwa kwamba damu ikiwa ya kahawa, mnyama amekula majani yaliyonyonya mbolea nyingi kupita kiasi, hasa mvua ikinyesha halafu ikakatika. Majani hushindwa kuitumia mbolea, yanaiweka tu. Ng'ombe anakula sumu huku anafurahia."

Sabiti alilifunga daftari. "Jambo hili umelijua tangu Jumatano?"

"Nimelijua, halafu nikajiambia siwezi kuwa sahihi." Cornel alivua miwani, akaanza kuifuta na shati. "Afande, mradi huu haujawahi kupata mbolea hata kopo moja. Mabingobingo yanaota kwa samadi na rehema ya Mungu. Nikisema mbolea, wataniuliza mbolea gani. Nitasema nini? Watasema namtetea mchawi kwa kuwa ni mfanyakazi wangu, na kesho mlango wangu ndio utakaopigiwa filimbi."

"Kwa hiyo ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nina watoto wawili."

"Na yule bibi ana nani?"

Cornel aliirudisha miwani machoni. Sabiti alisimama. "Chukua jembe. Nipeleke shambani."

* * *

Ekari arobaini za mabingobingo zilikuwa zimelala kwenye mteremko chini ya kijiji, mahali ambapo zamani palikuwa ngitiri, malisho yaliyofungwa masika ili yafunguliwe kiangazi. Serikali iliichukua ngitiri kwa mradi. Wazee walikubali mkutanoni, lakini mioyo ya wachungaji haikukubali hata siku moja. Kiangazi kikizidi, ng'ombe waliingizwa kwa siri, na wasimamizi walifumba macho.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha mwishoni mwa Oktoba, ikakatika. Mashina yaliyokatwa yalikuwa yametoa machipukizi yanayofika magotini, membamba, ya manjano kwa kiu. Sabiti alitembea mstari baada ya mstari. Hakuona la kumshangaza. Saa yake ilionyesha saa nne kasoro. Jasho lilimtiririka, na kila alipotazama juu aliliona jua limesogea.

"Waliangukia wapi?"

"Wanasema ni huku juu, karibu na kichuguu."

Walipofika, hata Cornel alitoa mguno. Upande wa mashariki wa kichuguu palikuwa na kiraka kisichozidi ukubwa wa nyumba ya kawaida, ambapo mabingobingo yalifika kifuani, mapana, ya kijani kilichokaribia kuwa cheusi. Mengine yalikuwa yameng'atwa hadi chini. Pembeni yake, hatua tatu tu, yale mengine yalikuwa yanakufa kwa njaa.

"Umekuja hapa lini mara ya mwisho?" Sabiti aliuliza.

"Kabla ya mvua. Palikuwa kama kwingine. Tangu vifo hivi watu hawataki kusogea, na mimi pia..." Aliacha sentensi ining'inie.

Mtu alikuwa amesimama mbali kidogo, fimbo mabegani, akichunga ng'ombe kumi na tisa waliokonda. Huyu alikuwa Ngassa, shemeji yake Masele na mchungaji wake. Sabiti alimwita. Alikuja polepole, na ng'ombe wawili wakamfuata. Kwenye mapaja yao palikuwa na chapa ya moto, mwezi mwandamo na vijiti viwili chini yake.

"Mwangaluka, Ngassa," alimwamkia kwa lugha ya huko.

"Mwangaluka, afande."

"Jumatano ulikuwa unachunga wewe?"

"Mimi."

"Nani alikuruhusu kuingia shambani?"

"Kamanda mwenyewe. Alisema ng'ombe wanakufa kwa njaa, ingiza, nani atanikamata, mimi ndiye mkamataji." Ngassa alijaribu kutabasamu, akashindwa.

"Kwa hiyo uliwaleta hapa kwenye majani mazuri."

"Hapana! Hapa alinikataza." Neno lilimtoka kabla hajalipima. Alitazama mbali, akaikaza fimbo.

"Alikukataza vipi?"

"Afande, yule ni mume wa dada yangu."

"Sikiliza, Ngassa." Sabiti alishusha sauti. "Jua likifika utosini bibi Mbuke anatolewa. Mimi ndiye niliyemwokota yule mama wa mwezi wa tisa. Nilimfunika kwa koti langu kwa kuwa hakuwa na kitu kizima mwilini. Unataka nije kumwokota na huyu?"

Ngassa aliishusha fimbo chini. Inzi walimtua usoni, hakuwafukuza.

"Mbuke ndiye aliyemzalisha mke wangu," alisema mwishowe. "Mara mbili. Sijampa salamu siku tatu." Aliwatazama ng'ombe. "Kamanda alisema chunga kote, lakini kichuguuni usisogee, kuna joka. Mimi niliwazuia. Ng'ombe mwenye njaa anajua joka? Walinishinda mbio. Waliotangulia ndio waliokufa wote. Hawa waliochelewa nikawafukuza kwa fimbo."

"Joka hilo uliliona?"

"Hapana."

Sabiti alimkabidhi jembe. "Basi tulitafute."

* * *

Ngassa alilima kama mtu anayelipa deni la roho. Mashina ya katikati ya kiraka yaling'oka kwa urahisi, na Cornel alipoyashika alitikisa kichwa: shina la miaka mitatu hung'olewa kwa mtarimbo na matusi, lakini haya hayakuwa na miezi minane ardhini. Mtu alikuwa ameyang'oa ya zamani, akachimba, akafukia, akapandikiza mengine juu.

Saa tano na robo jembe lilitoa harufu ya kuoza. Chini yake palikuwa na ngozi ya ng'ombe, kubwa, imetandazwa kama mkeka, nusu yake imeliwa na mchwa. Chini ya ngozi palikuwa na mifuko minane ya mbolea. Mchwa na panya walikuwa wameitoboa, mvua imeingia, na kilichokuwamo kilikuwa kimeyeyuka na kushuka kwenye mizizi. Iliyobaki ilikuwa tope jeupe.

Sabiti alipangusa mfuko mmoja. Maandishi yalikuwa yamefifia lakini yalisomeka: mbolea ya wakulima wa tumbaku, Ushetu. Chini yake palikuwa na namba, na alizifahamu. Jalada la wizi wa ghala lilikuwa mezani kwake tangu mwezi wa tatu, na kila wiki mkubwa wake alikuwa akilisukumia upande.

"Mtu aliingiwa na hofu msako ulipoanza," alisema. "Wengine walimwaga sukari mitoni, huyu alifukia mbolea. Mtu wa mjini angetafuta nailoni ya kufunikia. Mkulima angefunika kwa nyasi. Nani angetoa ngozi nzima ya ng'ombe?"

Hakungoja jibu. Aliigeuza ngozi upande wa manyoya, akafuta udongo kwa kiganja. Pajani, kovu la moto lilikuwa bado limevimba: mwezi mwandamo na vijiti viwili.

Ngassa alilitupa jembe. "Mama yangu!"

Kikulacho ki nguoni mwako. Sabiti aliikunja ngozi, uvundo na vyote, akaifunga nyuma ya baiskeli pamoja na mfuko mmoja. Filimbi zilikuwa zimeanza kulia kijijini.

* * *

Uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume mia mbili walisimama duara, mata na mishale mikononi, wanawake nyuma yao. Katikati alisimama Mbuke na kitita kichwani: sufuria, kanga, koroboi ambayo mtu alikuwa amemrudishia. Mbele yake alikuwa Masele, pande la mtu, manyoya ya mbuni kichwani, filimbi shingoni. Kitini aliketi Bujiku, mtemi wa sungusungu, mzee mfupi mwenye sauti kavu.

"Umechelewa, afande," alisema Bujiku. "Amekiri."

Sabiti aliisimamisha baiskeli. "Amekiri lini?"

"Sasa hivi, mbele ya wote."

Sabiti alimgeukia Mbuke. "Mama, umekiri nini?"

"Nimekiri," alisema Mbuke kwa uchovu. "Wameniambia nikikiri watanipa kijinga cha moto nikatoke nacho. Porini bila moto nitalalaje? Hata ungekuwa wewe, mwanangu, ungekiri."

Watu walinong'ona. Sabiti alifungua kamba, akaitandaza ngozi mchangani katikati ya duara, chapa juu, na mfuko wa mbolea kando yake. Uvundo ukawafanya wa mbele warudi nyuma. Lakini macho yao hayakurudi. Kila mwanamume pale aliijua chapa ile kama anavyojua jina lake.

"Ngozi hii ni ya nani?" Sabiti aliuliza.

Wengi walimgeukia Masele.

"Ngassa, umeitoa wapi?"

Ngassa alisogea mbele. "Kichuguuni. Pale uliponiambia pana joka, shemeji. Hapana joka. Pana mifuko minane ya Ushetu."

Masele alicheka kwa nguvu, peke yake. "Haya, ni mbolea! Nani hakuficha kitu mwaka huu? Inyoosheni mikono! Mbolea hulisha mimea, haiui ng'ombe. Kosa langu ni langu, na la mchawi ni la mchawi!"

"Cornel," alisema Sabiti, "soma daftari lako."

Cornel alisoma. Sauti ilimkatika mara mbili, lakini alisoma yote, rangi ya damu na saa ya kufa. Kisha akaeleza kuhusu majani na mbolea, taratibu, kama anavyowaeleza wakulima jinsi ya kupanda pingili. Hakuwatazama watu, alimtazama Mbuke.

"Aliyepita mbele akala mengi ndiye aliyekufa," alimalizia. "Hakuna dawa ya mganga iliyochagua wa kufa. Nilijua tangu Jumatano. Nisamehe, mama."

Cheko la Masele lilikuwa limekwisha. Alitazama ngozi, akatazama mfuko, mdomo wazi. "Mahari ya mwanangu," alisema polepole. "Kumi na mmoja. Nimewaua mimi?"

Bujiku aliinuka kitini. "Sheria ya mwizi unaijua, Masele. Uliitunga wewe."

"Huyu hatolewi kwenda porini," Sabiti aliwahi kusema. "Huyu anakwenda Kahama, mahakamani." Akamfunga pingu, na mata mia mbili yakashuka chini. "Na bibi huyu yuko huru. Msalimieni."

Hakuna aliyejongea. Wanawake waliangalia miguu yao.

"Haiwezekani," alisema Bujiku. "Marufuku huondolewa na mdomo uliotoa. Aliyeitoa ni Masele; asipomsalimia yeye, hata mimi siwezi."

Sabiti alimkamata Masele mkono. "Msalimie."

"Sitaki."

"Utaondoka umuache hivi mpaka afe?"

"Huelewi, afande!" Masele alikuwa analia sasa, jitu zima, makamasi yakimtoka. "Nikimsalimia, si mchawi. Kama yeye si mchawi, basi mchawi wa ng'ombe wangu ni mimi!"

"Ndivyo ilivyo," alisema Sabiti. "Msalimie."

Jua lilikuwa utosini, hakuna aliyekuwa na kivuli. Masele alikwenda hatua nne, pingu zikilia, akapiga goti mbele ya Mbuke, akamwita mama.

"Mwangaluka, mayu."

Mbuke alimtazama kwa macho yale mekundu. Watu walingoja. Masele alirudia, sauti imemkauka, "Mwangaluka, mayu," na bado yule bibi hakuitikia. Alikitua kitita chake chini, akawageukia wanawake.

"Nipeni moto," alisema. "Sijala cha moto tangu Jumatano."

Walikimbia wote, wakigongana.

Sabiti alimtanguliza Masele njia ya Masumbwe, yeye akisukuma baiskeli nyuma. Walipita nyumba ya kwanza, Masele akasalimu, wenyewe wakaingia ndani. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Ya mwisho alikuwapo mzee akisuka kamba, rafiki yake wa utotoni, naye alisuka tu. Baada ya hapo ilikuwa miombo na vumbi.

"Afande," alisema Masele baada ya kitambo. "Sema neno. Lolote."

Sabiti alisukuma baiskeli hatua kumi au zaidi. Walikuwa wamefika panapogawanyika njia ya Ushetu.

"Yule mama wa mwezi wa tisa," alisema. "Walioshika mapanga walikuwa nani?"

Masele alisimama. Alitazama ile njia, kisha akayatazama mavumbi miguuni pake, na hakuitikia.